Shangazi wa Wadi ya Kifua

Alikuwa na desturi ya kujiandikia barua. Alikaa mezani kwake katika ofisi ndogo ya hospitali ya misheni, akaandika jina lake mwenyewe juu ya bahasha, akabandika stempu, akaitia kwenye mfuko wa posta pamoja na barua za hospitali. Kisha akaingoja. Wauguzi walimcheka. Mmoja alimwuliza, "Mama Karani, unajiambia nini huko ndani usichoweza kujiambia hapahapa?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Najisalimia. Wewe nani anakusalimia?"

Mama Karani. Sisi wagonjwa tulimwita hivyo, na sikumsikia mtu akimwita vingine isipokuwa mara mbili, nitazieleza. Habari za kuzaliwa kwake sizijui. Najua tu kwamba Iringa ilikuwa ugenini kwake, kwamba kwao ni upande wa Mbeya, na kwamba Kiswahili chake kilikuwa na Kinyakyusa chini yake kama maji yanayopita chini ya majani. Akifurahi alisema "ndaga" badala ya asante. Alipanga chumba Kihesa, akaja kazini kwa miguu. Asubuhi za baridi tulikaa kwenye baraza ya wadi tumejifunika blanketi, na ukungu ulikuwa umelala njiani. Tuliona kwanza kitambaa chake cheupe cha kichwani kikielea peke yake. Halafu uso. Halafu mwili wake ukafuata, kana kwamba uliachwa nyuma kidogo.

Namkumbuka zaidi mikono. Ilikuwa na wino hadi kwenye viwiko, kwa sababu yeye ndiye aliyeendesha mashine ya kurudufu. Alizungusha mkono wa mashine, na karatasi zikatoka moja baada ya moja, zote zikisema neno moja. Sauti yake ilikuwa shwa, shwa, shwa, na ilipita ukutani ikaingia wadini kwetu. Nililala miezi miwili katika wadi ile, nikichomwa sindano kila siku, na hata leo nikisikia mtu anafagia uwanja mkavu macho yangu yanataka kufumba.

Wadi yenyewe ilikuwa ya kifua kikuu. Baada ya sindano mtu alirudishwa kwao na chupa ya vidonge, ambavyo sisi wagonjwa tuliviita maharage, kwa kuwa tulivila kila siku tupende tusipende. Baada ya miezi mitatu ilimpasa arudi apimwe na kupewa vingine, na hivyo hivyo mpaka mwaka na zaidi upite. Siku ya kurudi tuliambiwa kwa barua, kwa sababu daktari wa kifua alikuja kwa zamu kutoka mbali. "Ukiacha katikati," daktari alitwambia, "ugonjwa utarudi, na safari hiyo utakuwa umeshazijua dawa zetu."

Barua hizo ndizo zilizotoka katika mashine ya Mama Karani. Bahasha pia alizichapa mwenyewe. Alichora kwenye karatasi la nta la mashine herufi kubwa, zilizosimama wima kama askari: HOSPITALI YA MISHENI, WADI YA KIFUA. Alizipenda sana herufi zile. Siku moja alinionyesha bahasha akaishika mbali na uso wake, kama mtu anayetazama picha ya mwanawe. "Hata aliyejifunzia kusoma kwenye kisomo cha watu wazima ataisoma hii," alisema. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na niliisoma mara moja, lakini niliona haya kumwambia ni nzuri. Niliitikia kwa kichwa tu.

Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia. Alisema mtu mwenye haraka asibandike stempu, ataibandika kichwa chini. Alisema bahasha ni nguo, na mtu haendi ugenini uchi. Lakini neno lake kubwa lilikuwa hili: kutumwa siyo kufika. Alilisema kwa mfagiaji, kwa mpishi, kwa dereva, na mwishowe alilisema kwa daktari.

Hayo yalitokea baada ya mimi kurudishwa nyumbani, na niliyapata baadaye kutoka kwake. Benchi la wagonjwa wa kurudi lilikuwa tupu. Jumatano moja walitakiwa watu wengi, wakaja wawili. Daktari akasema watu wa huku ni wazembe.

"Mtu aliyevumilia sindano miezi miwili hawi mzembe," Mama Karani akasema. "Barua hazijafika."

"Zilitumwa, Mama. Wewe mwenyewe umezituma."

"Kutumwa siyo kufika, Daktari. Barua haijafika mpaka mtu aje."

Ndipo alipoanza kujiandikia. Alituma barua tatu kwa jina lake, katika bahasha zilezile za hospitali, na ndani ya kila moja alitia punje moja ya haragwe, ili ikiwa bahasha imefunguliwa njiani ajue. Ya kwanza aliituma Kihesa, ikafika na punje yake. Ya pili aliituma Mlandege, kwa anwani ya duka la mtu aliyemfahamu, ikafika na punje yake. Ya tatu aliituma Idodi, kwa anwani ya kanisa, nayo ikanyamaza. Akangoja majuma matatu. Kisha akaomba ruhusa ya siku mbili, akapanda basi la Idodi.

Idodi ni kwetu. Yanayofuata niliyaona kwa macho yangu.

Nyumbani nilikuwa nimesema kwamba miezi ile miwili nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya tumbaku. Mama alijua ukweli, na ndiye aliyeitunga habari ya tumbaku. Dada yangu alikuwa ameposwa. Kwetu kifua kikuu hakikuwa ugonjwa wa mtu mmoja, kilikuwa ugonjwa wa nyumba, na nyumba yenye kifua haichumbiwi. Kwa hiyo nilimeza vidonge nyuma ya ghala, na nilipotaka kukohoa nilikwenda mtoni.

Barua za kijiji kizima zilikuja na basi, zikapelekwa kanisani, na Jumapili baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alisimama mbele akaziita. Mzee huyu aliwahi kusingiziwa kwamba amemficha mtu barua. Tangu siku hiyo aliapa kusoma kila kilichoandikwa juu ya bahasha, asiache hata muhuri. Alisoma polepole, kidole chake kikitembea. Watu walipenda. Tulijua nani ana mtoto Mbeya, nani anaandikiwa na shemeji, na stempu ina picha gani.

Jumapili moja akasoma, "Kutoka Hospitali ya Misheni. Wadi ya Kifua. Kwenda kwa," akataja jina langu.

Tangu watu walipohamishiwa pamoja katika kijiji kipya, tulikuwa watu watatu wenye jina lile, la ubatizo na la ukoo. Mmoja alikuwa mzee asiyeondoka nyumbani. Wa pili alikuwa jirani yetu, mbeba magunia, mtu wa maneno mengi. Wa tatu mimi. Nikatazama magoti yangu.

"Yupo?" mzee akauliza.

"Mimi siyo," jirani yetu akasema. "Kifua changu hiki kinabeba magunia mawili na mke juu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, na kicheko kile kilinikwaruza ndani nikakizuia kisigeuke kikohozi. Mzee akaiweka barua kwenye kasha la vitabu vya nyimbo. Jumapili iliyofuata akaiita tena, na iliyofuata tena. Chupa yangu ilibaki na vidonge vya siku chache. Bila barua sikujua siku ya daktari. Na hata kama ningeijua, ningeaga vipi? Mtu hapandi basi la mjini mbele ya kijiji bila neno la kusema. Nilikuwa napungua, na mama aliutoboa mkanda wangu tundu jipya bila kuniangalia.

Jumapili ya nne nikaona kitambaa cheupe upande wa wanawake, benchi la tatu kutoka mlangoni.

Nilitaka ardhi inifunike. Akinisalimu tu, akisema hata "kamwene, mwanangu", watu watauliza wanajuana wapi. Macho yake yakapita juu yangu. Yakapita kama yanavyopita juu ya ukuta. Hakukunja uso wala hakutabasamu. Sijawahi kupewa heshima kubwa kama ile ya kutokujulikana.

Baada ya ibada mzee akaanza kuita. Ya pili au ya tatu, iliyochelewa njiani ikaja na basi la juma lile, akasoma, "Kutoka Hospitali ya Misheni. Wadi ya Kifua. Kwenda kwa," na hapo nikasikia jina la Mama Karani kwa mara ya kwanza.

Alikuwa amekuja kwa ajili hiyo. Alikuwa ameahidi moyoni kwamba ikiitwa atasimama, aichukue, aone mambo yakoje. Hakusimama. Nilimwona ameshika ukingo wa benchi. Mzee akarudia. Mwanamke aliyekaa karibu naye akasema, "Wadi ya Kifua! Mungu atuepushe," akajivuta kidogo, kwa desturi tu, hata hakujua anajivuta kutoka kwa nani. Mama Karani akatazama magoti yake. Tulikaa hivyo sisi wawili, yeye upande wake na mimi wangu, na jina lake likaning'inia hewani kama nguo isiyo na mwenyewe.

"Miguu ilikataa," aliniambia baadaye. "Siumwi. Barua nimeandika mwenyewe, haragwe nimetia mwenyewe, na miguu ikakataa."

Watu walipotoka alimwendea yule mzee, akamwomba kasha la vitabu. Lilikuwa na bunda zima la bahasha zake, zimelala juu ya nyimbo. Mzee akaogopa, akadhani atashtakiwa.

"Mama, mimi nimesoma yote yaliyoandikwa. Sikuficha."

"Najua, baba," akamwambia. "Wewe umesoma. Mimi ndiye niliyeandika."

Alirudi mjini, akalikata lile karatasi la nta lenye herufi zake kwa mkasi, vipande vidogo. Hakulia, alisema, lakini siku hiyo hakula. Tangu siku hiyo bahasha ziliandikwa kwa mkono, moja kwa wino wa bluu, nyingine kwa penseli, nyingine kwa herufi za kulala, ili zisifanane. Na mahali pa mtumaji aliandika: Shangazi, Kihesa. Ndani kulikuwa na maneno machache. Mwanangu, maharage yako yako tayari. Njoo Jumatano ya pili ya mwezi. Usichelewe, yataingia wadudu.

Daktari alipoiona akauliza, "Tangu lini hospitali inauza maharage?"

"Haiuzi, inagawa. Aliyelala wadini atajua maharage gani."

"Na huyu Shangazi ni nani?"

"Daktari, kila mtu ana shangazi."

Barua yangu ya kwanza kutoka kwa Shangazi sikuipata. Mzee aliposoma, "Kutoka kwa Shangazi, Kihesa," yule jirani yetu mwenye jina langu aliinuka kabla sijakusanya miguu. Akaifungua palepale, akasoma, uso ukamng'aa. Jumatano ya pili alipanda basi na gunia tupu. Alifika hospitali akiwa amechoka kuulizia Kihesa nzima, mpaka mtu mmoja akamwambia mwandiko huo ni wa karani fulani. Mama Karani alimtazama yeye, akalitazama gunia, akaelewa. Hakumwambia lolote. Alimpeleka chumbani kwake, akamjazia nusu gunia kutoka katika maharage ya shamba lake mwenyewe, akampikia chai, akamwuliza habari za kijiji, kisha akampa bahasha.

Jirani alikuja kwetu jioni na gunia begani. "Kijana, tumechanganyiwa majina," akasema. "Shangazi yenu kanipa hii nikupe mkononi. Kumbe mna shangazi mwema hivi, mnamficha? Mama, hebu ona maharage haya." Akammiminia mama kiasi katika ungo. Mama aliyatazama maharage yale, akanitazama mimi, kwa sababu baba yangu hakuwa na dada hata mmoja.

Jumatano iliyofuata, siku aliyoniandikia Shangazi katika bahasha ile, nilipanda basi mchana kweupe. "Unakwenda wapi?" wakaniuliza. "Kwa shangazi," nikasema. Wakanitakia safari njema. Mmoja akaniagiza chumvi.

Watu walirudi. Siyo wote, lakini benchi lilijaa mpaka wengine wakasimama. Mama Karani alitoka ofisini akatuhesabu kwa kidole chenye wino, na kwa kila mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Imefika. Imefika. Imefika." Alipofika kwangu alisimamisha kidole, akasema, "Hii ilizunguka."

Tatizo ni kwamba Shangazi hakukubali kubaki katika barua zile. Watu walianza kumjibu. Mgonjwa wa Kihesa alimwandikia kuomba ushauri wa ndoa. Mwingine alimwarifu kuwa amempa binti yake jina la Shangazi, na akaomba aambiwe jina lenyewe. Mama Karani alijibu zote, kwa miandiko mbalimbali. Polepole Shangazi akapata nyumba yenye mti wa pichi mlangoni, akapata ng'ombe mwenye pembe moja, akapata mguu unaouma wakati wa masika. Hata mimi nilimwandikia. Naandika polepole sana, barua moja ilinichukua siku tatu, na nilipokuwa naandika nilisahau kabisa mikono yenye wino. Nilimwona mwanamke mwingine, mnene, akiisoma chini ya mti wa pichi. Nilimweleza kwamba dada ameolewa. Nilimweleza kwamba sasa napanda kilima bila kupumzika. Alinijibu kwamba ng'ombe amezaa.

Na huyu ndiye mtu aliyechukia uongo. Alimwachisha kazi mfagiaji kwa uongo wa kipande cha sabuni, kisha akalia kwa kumwachisha. Kila Jumapili, aliniambia, aliungama dhambi zake, na mwisho aliongeza moja: "Namwombea na Shangazi. Amesema mengi."

Kulikuwa na kinyume kingine ndani yake, nacho sikukitilia maanani wakati ule. Aliwafuatilia watu mpaka Idodi ili wapimwe, lakini yeye hakuwahi kupimwa. Miaka yote ile alipumua hewa ya wadi yetu. Akikohoa alisema ni wino. Wauguzi walipomshika kwa utani wampeleke kwa daktari, alijiondoa mikononi mwao akasema, "Karani haumwi. Karani akiumwa nani atawaandikia?" Na sindano aliziogopa. Akiona sinia la sindano linapita, aligeuka akatazama dirishani.

Nilipopona niliaga nikaenda Mbeya, kufanya kibarua kwenye reli mpya. Tulibeba mataruma ya kulazia reli, wanne kwa moja, na kifua changu kilibeba. Nilimwandikia Shangazi mara mbili. Sikupata jibu. Nilisikia kwamba Mama Karani amestaafu amerudi kwao, na hakuna aliyejua kwao ni wapi hasa.

Jumapili moja ya baridi niliingia katika kanisa nisilolizoea, pembeni mwa mji. Mlima Loleza ulikuwa umefichwa na ukungu, na watu waliingia mlangoni weupe weupe kama wametoka ndani ya maziwa. Nilikaa nyuma, karibu na ukuta, ninapokaa siku zote. Sikuwa nimemwona mtu niliyemjua. Ibada ikaisha, mzee wa pale akasimama na barua. Nadhani kila kanisa lina mzee wa namna ile. Akasoma bahasha ya kaki, kidole kikitembea.

"Kutoka Hospitali. Idara ya Kifua." Kisha akataja jina ambalo nililisikia mara moja tu maishani.

Nikatafuta. Benchi la tatu kutoka mlangoni kulikuwa na kitambaa cheupe. Mabega chini yake yalikuwa membamba, yangeweza kuwa ya mtoto. Alikuwa anatazama magoti yake.

"Yupo?" mzee akauliza. Wanawake wakatazamana. Jina lile Mbeya ni la wengi. "Basi, tutaiita Jumapili ijayo."

Mimi ni mtu ambaye hata kununua kitumbua hungoja wengine waondoke. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka tu kwamba benchi lililia, na vichwa vyote viligeuka pamoja, na nilikuwa nimesimama katikati ya macho yale mikono ikining'inia.

"Ni ya shangazi yangu," nikasema. "Nipe, nitampelekea."

Mzee akanitazama. "Shangazi yako anaumwa kifua?"

"Ndiyo," nikasema. "Hata mimi niliumwa. Nimepona."

Mtu mmoja akasogeza miguu yake nipite. Nilikwenda mbele, nikaipokea, nikatoka nayo nje bila kumtazama yeye hata kidogo. Macho yangu yalipita juu yake kama juu ya ukuta.

Nilingoja nyuma ya kanisa. Alikuja taratibu, ameshika khanga kooni. Alinitazama kwa muda. Sikujua kama ananikumbuka, maana tulikuwa wengi.

"Umechukua barua ya mtu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ng'ombe alikufa," akasema. "Yule wa pembe moja. Sikutaka kukuandikia habari mbaya."

"Pole, Mama."

"Ndaga." Akaipokea bahasha, akaishika mbali na uso, akazikagua herufi zake. "Wameichapa vibaya," akasema, akaichomeka katika khanga bila kuifungua. Nikamwambia siku ya daktari ni Jumatano, nimeona imeandikwa kwa nje. Akanishika mkono kidogo, akaingia katika ukungu: mwili ukapotea kwanza, halafu kitambaa.

Jumatano niliomba ruhusa kwa msimamizi. Nilifika hospitali mapema, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa wa kifua, mahali ambapo kila apitaye barabarani anaweza kumwona aliyekaa. Nilikaa muda mrefu. Waliitwa wa kwanza, wakaitwa wa pili. Njia ya kutoka mjini ilikuwa nyeupe, haionyeshi kitu.

Kisha kitambaa kikaonekana, kinaelea peke yake. Halafu uso. Nikasogea kumpa nafasi. Akakaa, akavuta pumzi, akaitoa ile bahasha kwenye khanga na kuiweka juu ya magoti, herufi zikitazama juu.

"Imefika," akasema.